Siki Kwanza, Shosti

Msomaji wetu wa Mishamo, Katavi, anauliza: eti kuna mwanga unaogundua saratani za wanawake? Upo. Mwanga wa infraredi humulikwa kwenye seli au damu, kompyuta inasoma ulivyonyonywa. Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, kimeujaribu kwa saratani ya shingo ya kizazi, ovari na mji wa mimba. Ila bado ni utafiti, usiusubiri.

Kwetu kuna siki! Mhudumu anapaka shingo ya kizazi, dakika moja tu, akiona mabaka meupe ujue pana walakini. Mara nyingi yanatibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kuunguzwa, kabla hayajawa saratani. Ukichelewa ni safari ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar. Watoto unawaacha na nani?

Ukifika miaka 30 nenda ukapime. Mwenye VVU aanze na 25. Binti wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo, tangu 2024 ni dozi moja.

Na baba akinuna, "kwani umetoka nje?" Jamani! Kirusi cha HPV kinachosababisha ugonjwa huu hukaa mwilini miaka bila dalili. Huenda amekuletea yeye, toka enzi za ujana wake. Mwambie taratibu, akishashiba.