Vitabu Vilifika, Watoto Wakabaki Nyuma: Shule Bora Hujengwa na Nini?

Kila matokeo ya mtihani wa kitaifa yanapotangazwa nchini Kenya, mazungumzo huwa ni yale yale. Mzazi huuliza ni shule gani iliyoongoza, kisha huuliza kama ina basi, maabara na bweni la ghorofa. Wizara ya Elimu ilipiga marufuku uorodheshaji wa shule mwaka 2014, lakini marufuku hayo hayakuifuta orodha vichwani mwetu. Mtihani wa KCPE nao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na bado swali la mzazi halijabadilika. Katika makala haya ninadai kwamba tunatafuta ubora mahali usipokaa. Shule hufaulu au hufeli ndani ya kipindi chenyewe, pale ambapo mwanafunzi anaelewa au haelewi kinachosomwa. Aidha, sisi wa Kiswahili tuna lawama yetu katika jambo hili, ingawa tumezoea kujihesabu miongoni mwa waliodhulumiwa.

Mjadala huu ni wa miaka mingi. Mwaka 1966, ripoti ya James Coleman kule Marekani ilionyesha kwamba hali ya nyumbani anakotoka mtoto ilihusiana na matokeo yake zaidi ya vifaa vya shule. Wapo walioisoma ripoti hiyo kama hati ya kuwaondolea walimu lawama: ikiwa nyumbani ndiko kunakoamua, mwalimu afanyeje? Jibu moja lilitoka London mwaka 1979, katika kitabu cha Michael Rutter na wenzake kiitwacho Fifteen Thousand Hours, yaani saa elfu kumi na tano, makadirio ya muda ambao mtoto hukaa shuleni tangu aanze hadi amalize. Walichunguza shule 12 za upili jijini humo. Shule zilizopokea watoto wa hali zinazokaribiana zilitoa matokeo tofauti, na tofauti hiyo haikutokana na umri wa majengo wala ukubwa wa shule. Ilihusiana na mambo ambayo hakuna mgeni wa heshima anayeyakatia utepe: kipindi kuanza kwa wakati, kazi ya ziada kutolewa na kusahihishwa, mwanafunzi kusifiwa na kukabidhiwa majukumu, walimu kukubaliana juu ya wanachokitarajia.

Msomaji atasema London si Busia. Naam, basi twende Busia. Mwaka 1996, shule 25 kati ya 100 zilizokuwa zikichunguzwa huko Busia na Teso zilipewa vitabu vya kiada, tena vile vile vilivyoidhinishwa na serikali. Watafiti, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, walitarajia alama zipande. (Kremer ndiye aliyekuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.) Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2009 yalikuwa ya kushangaza: kwa wastani, alama hazikupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa wakifanya vyema hata kabla ya vitabu kufika. Maelezo yao yanatuhusu moja kwa moja. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ambayo kwa wengi wa watoto hao ilikuwa ya tatu, na wengi hawakuweza kuvisoma. Mtoto anayezungumza Kisamia au Kiteso nyumbani, akabahatisha Kiswahili sokoni, alikabidhiwa sanduku zuri lililofungwa, na ufunguo akaachwa autafute mwenyewe.

Hapo ndipo wengi wetu hushangilia na kusema: si tulisema? Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia! Mimi sishangilii haraka hivyo. Sera ya kuanza na lugha ya mama katika madarasa ya chini iko nasi tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, na kila mmoja wetu anajua inavyokiukwa. Isitoshe, kwa mtoto wa kijijini mbali na pwani na miji, Kiswahili sanifu cha kitabuni nacho ni kigeni. Kubadilisha lugha ya kitabu bila kubadilisha yanayotendeka katika kipindi ni kubadilisha kufuli tu.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuwa mwenye kufuli. Kabla ya kujiunga na shahada ya uzamili, nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya kutwa, nikiwa mwalimu wa kuajiriwa na bodi. Katika kidato cha tatu alikuwapo kijana aliyesoma kwa sauti bila kukwama, hata wenzake walipenda asome yeye. Siku moja, baada ya kusoma ukurasa mzima wa tamthilia, nilimwomba atueleze mhusika amekasirikia nini. Alinitazama, akatazama kitabu, kisha akauliza, "Mwalimu, iko kwenye mwongozo?" Darasa lilicheka. Mimi nilitahayari, kwa sababu mwongozo huo nilikuwa nimewaagiza mimi waununue. Tulikuwa tumekamilisha silabasi mapema, nami nilikuwa nimepongezwa kwa hilo katika mkutano wa walimu. Katika mtihani wa majaribio uliofuata, vijana kadhaa waliandika kwa usahihi kamili jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Nilipopitia maazimio yangu ya kazi ya mhula ule niliona kilichotokea. Vipindi vya shamirisho, chagizo na mnyambuliko vilikuwa vingi. Vya kusoma na kujadili kwa utulivu vilikuwa haba, na hata hivyo vichache viligeuzwa vya marudio. Sidai sarufi haina maana. Ninadai kwamba mwanafunzi asiyeielewa aya hawezi kusaidiwa na kujua kirai kiko wapi. Tukumbuke kwamba Karatasi ya Pili hufunguliwa na ufahamu, nayo ya Tatu yote ni fasihi.

Je, hali inaweza kubadilika? Ushahidi upo, tena wa humu nchini. Mradi wa Tusome ulianza mwaka 2015 katika madarasa ya chini ya shule za umma kote nchini, ukishughulikia Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja. Kila mtoto alipata kitabu chake. Mwalimu alipata mwongozo wa kila somo. Lakini kilichonivutia zaidi ni mtu wa tatu: afisa wa mtaala aliyefika shuleni na kishikwambi chake, akaketi nyuma ya darasa, akawasikiliza watoto wachache wakisoma mmoja mmoja, kisha akazungumza na mwalimu kuhusu alichokisikia. Usomaji uliimarika katika lugha zote mbili. Wapo wanaolalamika kwamba masomo yaliyoandikwa neno kwa neno humfanya mwalimu kuwa kasuku, nami nina shaka hiyo pia. Hata hivyo, tofauti na Busia ya 1996 haifichiki. Kule kitabu kilipelekwa peke yake, huku kitabu kilifuatwa na mtu.

Fedha za Tusome zilitoka USAID, shirika lililofungwa mwaka 2025. Basi swali ni nani atakayemlipia afisa yule nauli ya kufika shuleni. Hilo ni la serikali, na gharama yake haiwezi kulinganishwa na ya kujenga bweni.

Lipo letu pia. Katika kozi zote nilizosomea ualimu, nilifundishwa kuandaa andalio la somo kwa safu zilizonyooka, lakini sikufundishwa hata siku moja nimfanyeje kijana wa kidato cha kwanza asiyeelewa anachokisoma. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mkaguzi alifika, akatazama faili, ubao na mavazi yangu, akaketi dakika arobaini za kipindi, akaniambia sauti yangu inasikika vizuri. Hakumuuliza mwanafunzi hata mmoja lolote. Ninawaomba wahadhiri wetu, kwa heshima zote: mtakapowatembelea wenzetu mhula ujao, wachukueni wanafunzi watatu wa viti vya nyuma kipindi kinapokwisha, muwape aya moja ya kitabu teule, muwaulize imesema nini. Majibu yao yaingie katika alama za mwalimu mwanagenzi.

Nasi wanachama tuanze na ziara zetu za shule. Kwa kawaida tunakwenda kutoa mawaidha kuhusu jinsi ya kupita mtihani wa Kiswahili, tunapiga picha, tunarudi kabla giza halijaingia. Safari ijayo tuache kipaza sauti nyumbani. Kila mmoja wetu abebe hadithi fupi moja, aketi na wanafunzi watano chini ya mti, waisome hadi mwisho, na yeye ndiye awe wa kusikiliza.