Mzunguko au Taa: Lipi Chaguo Sahihi kwa Makutano ya Barabara za Mitaani?

Makutano ya barabara yanapoanza kuleta foleni au ajali, ombi la kwanza la wananchi huwa ni moja: tuwekewe taa. Ombi hilo lina msingi, kwa kuwa linagusa usalama wa watoto waendao shule na wafanyabiashara wavukao kuelekea sokoni. Hata hivyo, taa za kuongozea magari si jibu bora kila mahali. Kabla fedha za umma hazijatumika, lipo swali la kitaalamu la kujibiwa: je, mahali hapo panahitaji taa au mzunguko, ambao wengi huuita kipilefti?

Mizunguko si jambo geni nchini. Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, imesimama katikati ya mzunguko, sawa na Mnara wa Saa jijini Arusha. Kanuni yake ni rahisi: magari huzunguka kwa kufuata mwelekeo wa saa, na dereva anayeingia humpisha aliyekwishaingia, yaani anayetokea kulia kwake.

Kwa upande wa usalama, mzunguko una faida kubwa. Katika makutano ya kawaida ya barabara nne, wahandisi huhesabu nukta 32 ambazo njia za magari zinaweza kugongana. Katika mzunguko wenye njia moja, nukta hizo hupungua hadi 8. Aidha, kisiwa cha katikati humlazimisha dereva kupunguza mwendo, hivyo ajali ikitokea huwa ya pembeni na ya mwendo mdogo, tofauti na ile ya gari lililopita taa nyekundu na kumgonga mwenzake ubavuni. Takwimu za mamlaka ya barabara kuu ya Marekani zinaonesha kuwa kubadili makutano ya taa kuwa mzunguko hupunguza ajali za vifo na majeruhi kwa takriban asilimia 78. Ni kweli kwamba mazingira ya huko si sawa na ya kwetu, lakini sababu ya msingi, yaani mwendo mdogo, haibadiliki kwa nchi.

Ipo pia hoja ya uendeshaji. Taa huhitaji umeme, vipuri na mafundi wakati wote. Zinapozimika, makutano hubaki bila mwongozo hadi askari wa usalama barabarani afike. Mzunguko hauzimiki, na usiku wa manane haumsimamishi dereva mbele ya barabara tupu.

Pamoja na hayo, mzunguko una mipaka yake. Huhitaji eneo kubwa zaidi penye makutano, jambo ambalo katika mitaa iliyojengwa kwa kubanana laweza kumaanisha fidia kwa wananchi. Magari yakiwa mengi mno kutoka upande mmoja, wa pande nyingine hukosa nafasi ya kuingia. Vilevile, mzunguko haumpi mwenda kwa miguu muda wake maalumu wa kuvuka. Mtu asiyeona au mzee anayetembea polepole huwa salama zaidi panapokuwa na taa inayosimamisha magari. Katika Barabara ya Morogoro, ambako mabasi yaendayo haraka hupita katikati, taa ni za lazima ili magari yanayokata kona yasikutane na mabasi hayo.

Yapo pia maeneo ambayo taa na mzunguko vyote haviwezi kuyatosheleza. Hayo ndiyo yaliyojengewa barabara za juu, kama Daraja la Mfugale eneo la TAZARA mwaka 2018 na Daraja la Kijazi Ubungo mwaka 2021. Gharama za ujenzi wa aina hiyo haziwezi kubebwa na kila makutano ya mtaa.

Kwa ujumla, makutano ya mitaani yenye magari ya wastani kutoka kila upande na eneo la kutosha hufaa mzunguko mdogo wenye vivuko vilivyochorwa mita chache kabla ya kuingia. Makutano yenye waenda kwa miguu wengi, eneo finyu au magari yasiyolingana hufaa taa. Chaguo lolote halitafanikiwa iwapo daladala zitapakia abiria kwenye makutano, au bodaboda zitapita kinyume na mwelekeo.

Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS, na za wilaya, mijini na vijijini, husimamiwa na TARURA. Mwananchi anayewasilisha hoja kupitia mkutano wa mtaa au diwani wake anashauriwa asiishie kuomba taa. Aeleze saa za foleni, upande yanakotoka magari mengi na mahali watoto wanapovukia. Maelezo hayo ndiyo yatakayomsaidia mhandisi kuchagua kinachookoa maisha.