Mkaguzi afike kabla zege halijamwagwa

Alasiri ya Jumamosi, 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki, nyumba nyingi zikaanguka au kupasuka, na sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa uharibifu wa majengo. Na hilo halikuwa tetemeko kubwa. Rukwa, kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ilipigwa na la 7.4 mwaka 1910.

Wapo wanaoamini dawa ni kuchimba msingi mrefu zaidi. Kina kinasaidia kama kinafika kwenye udongo mgumu, na nyumba iliyokaa nusu kwenye mlima uliochongwa na nusu kwenye kifusi ina hatari yake. Lakini tetemeko huisukuma ardhi huku na huku; msingi unakwenda nayo, kuta nzito za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa tope zinabaki nyuma, kisha zinaachana kwenye kona. Kinachookoa ni kufungamanisha: mkanda wa zege juu ya msingi, nguzo zinazoanzia humo, lenta inayozunguka nyumba nzima, na paa lililofungwa kwenye lenta.

Mafundi wengi wanaujua mkanda. Ugomvi wangu uko kwenye kona, pale nondo zinapofika zikakatwa hapohapo. Zinatakiwa zikunjwe, ziingie ukuta wa pili zaidi ya nusu mita, zipishane na nondo za upande huo na kufungwa kwa waya. Ncha za ringi zinazozishika nondo hizo pamoja nazo zikunjwe kuelekea ndani, kwa sababu zege la nje likibanduka ringi iliyokunjwa ovyo hufunguka. Ni vipande vichache tu vya nondo, na zege likishamwagwa hakuna atakayejua vimewekwa au la.

Hoja ya gharama ni nzito. Mkulima wa kahawa anajenga kidogo kidogo, tripu ya mawe mwaka huu, saruji mwakani. Hatuwezi kumdai vikalio vya mpira na risasi vinavyobeba majengo muhimu New Zealand; hivyo vifikiriwe kwa hospitali kubwa. Yeye ningemwomba apunguze chumba kimoja, asiuache mkanda.

Faini peke yake sizitegemei, maana mchoro mzuri uliopitishwa ofisini hauzuii nondo kukatwa shimoni. Halmashauri zimtume fundi sanifu kiwanjani siku moja kabla ya zege, bila malipo kwa nyumba ya kuishi, akiwa na mamlaka ya kusimamisha kazi mpaka kona zifungwe. Gharama yake ni mshahara na mafuta ya pikipiki. Baada ya tetemeko la 2016 tulichangishana kwa ajili ya maafa; fungu kama hilo linaweza kutengwa mapema, na sehemu yake iwalipe posho mafundi wa mtaani wakae darasani wiki moja. Wao ndio wanaojenga nyumba nyingi, zikiwemo zile ambazo mkaguzi hatazifikia kamwe.