Nenda Ukaone Kwanza



Hapa Kamalondo nyumba zasongamana, na habari hazihitaji miguu. Mtu akisema neno asubuhi penye soko, kabla ya adhuhuri limekwisha kuingia kila ua. Habari ya harusi ikipotoka, twacheka. Habari ya kifo ikipotoka, mama huanguka chini. Kwa hiyo leo twataka kuwasimulia visa viwili vya ndege, tupate kuona namna mbili za kumkosea jirani aliye hatarini.

Mwezi wa Januari 1954, Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alimpa mkewe Mary zawadi ya Krismasi: safari ya ndege ya kuitazama Kongo na nchi za maziwa. Tarehe 23, karibu na Maporomoko ya Murchison katika Uganda, ndege yao ndogo iligonga waya wa simu uliokwisha kuachwa, na rubani Roy Marsh akalazimika kuishusha vichakani. Mary alivunjika mbavu, lakini wote watatu walikuwa hai. Walilala usiku ule porini, penye tembo wengi.

Ndege kubwa ilipita juu, ikaona mabaki, wala haikuona mtu. Basi neno likaenea kwamba wote wamekufa, na magazeti ya nchi nyingi yakatangaza kifo cha Hemingway. Waliookoa hawakutazama toka juu: ilikuwa meli ndogo iliyopita mtoni, ikakaribia ukingo, ikawachukua mpaka Butiaba, kando ya Ziwa Albert. Huko wakapanda ndege ya abiria ya de Havilland, nayo ikaanguka katika kuruka, ikashika moto. Wakatoka hai mara ya pili, ila Hemingway aliumia vibaya kichwani. Siku zilizofuata akayasoma mwenyewe maneno ya tanzia yake.

Kisa cha pili ni cha ng'ambo ya mpaka wetu. Usiku wa tarehe 17 Septemba 1961, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa akienda Ndola kutafuta amani ya Katanga. Moïse Tshombe alikuwa amekwisha kufika kumngoja. Baada ya saa sita ya usiku ndege ilisikika juu ya Ndola, kisha kimya. Wakubwa wa pale wakadhani mgeni amebadili nia, amekwenda kwingine. Mabaki yalionekana alasiri ya siku ya pili, yapata saa 15 baadaye, kilomita 15 tu toka uwanjani. Ndani ya watu 16, mmoja alikutwa bado hai, mlinzi Harold Julien, ameungua, amelala juani mchana kutwa. Alikufa siku chache baadaye.

Angalieni, wapenzi. Katika kisa cha kwanza watu walisema, "Wamekufa," nao wazima. Katika kisa cha pili walisema, "Hakuna neno," na mtu alikuwa akiteseka. Makosa haya yaonekana kupingana, kumbe mama yao ni mmoja: kukisia mahali pa kwenda kuona. Msamaria wa Injili hakukisia. Alikaribia, akamwona mtu, ndipo akajua la kufanya.

Basi, ukisikia kwamba gari limepinduka njia ya Likasi au Kolwezi, usimpigie simu mama wa msafiri kabla hujapata hakika kwa aliyemwona mwanawe kwa macho. Nanyi wanafunzi, msisambaze picha ya ajali kwa simu zenu: huenda mke akamtambua mumewe kabla hajapata mtu wa kumshika mkono. Lakini msafiri akichelewa kupita kiasi, usilale ukisema, "Atafika tu." Waulize madereva, nenda hospitali, amsha ndugu. Ukimkuta mzima, hasara yako ni usingizi wa usiku mmoja. Na kama kifo ni kweli, basi wawili waende nyumbani kwake, mmoja wa jamaa na mmoja wa jumuiya, waketi chini, waseme polepole, wala wasiondoke upesi.

Mungu awalinde wote walio safarini.