Mazungumzo ya Nyumbani: Jua Husomwa Chini, Halitazamwi Juu

Mwezi huu nataka tuzungumze habari za jua, maana watoto huliuliza mapema, na sisi wakubwa huwajibu kwa haraka. Mtoto auliza, "Baba, jua huenda wapi usiku?" nasi twamwambia, "Nyamaza, kalale." Sivyo yafaavyo.

Kwanza niungame kosa langu. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa. Kule Rujewa, katika wilaya ya Mbarali, mwezi ulisimama katikati ya jua hata likabaki kama pete ya moto. Huku kwetu Bagamoyo lilifunikwa sehemu tu. Jana yake nilikuwa nimewaeleza watoto wa mafundisho jinsi mwezi upitavyo kati ya jua na dunia, wakafahamu vema. Lakini neno moja sikuwaambia, nalo ndilo kubwa: wasilitazame. Mtoto mmoja akalikodolea macho. Hakusikia maumivu, kwa maana mle ndani ya jicho, pale nuru inapopokelewa, hapana kitu kiwezacho kuhisi maumivu. Kesho yake alipofungua kitabu, akaona doa jeusi katikati ya kila neno, na doa lile lilikaa miezi mingi.

Basi, tangu siku ile somo langu la jua huanza na onyo. Moto ule u mbali nasi kama kilomita milioni 150, na nuru yake husafiri zaidi ya dakika 8 kabla ya kutufikia; hata hivyo waweza kuunguza jicho. Halitazamwi kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida, wala kwa kioo kilichotiwa masizi, wala katika bakuli la maji. Siku ya kupatwa, mpe mtoto mgongo kwa jua, atoboe karatasi ngumu kwa sindano, aione sura ya jua ikianguka chini. Hata chini ya mwembe vidoa vya nuru vipenyavyo majani hugeuka vikawa kama hilali ndogo ndogo.

Na siku nyingine zote, jua na lisomwe kwa kijiti. Simamisha kijiti cha mita 1 uani, kiwe wima kabisa. Watoto watie alama penye ncha ya kivuli, kati ya saa 6 na saa 7 mchana, wakati kivuli kinapokuwa kifupi kuliko nyakati zote za siku. Mwishoni mwa Juni watakuta kimelala upande wa kusini, urefu karibu sentimita 57. Mwishoni mwa Desemba kimelala kaskazini, karibu sentimita 30. Na karibu ya tarehe 4 Machi na tarehe 9 Oktoba kivuli chajificha chini ya kijiti, maana jua li utosini petu. Hapo mwambie mtoto kwamba dunia imeinama kidogo, nayo ikilizunguka jua mwaka mzima, mara upande wa kaskazini huelekea jua zaidi, mara upande wa kusini.

Safari hiyo ya kivuli ndiyo pia safari ya pepo zetu. Jua likiwa kaskazini, nchi za Asia hupata joto, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huvutwa kwenda kujaza mahali pake: ndiyo kusi. Likirudi kusini, Asia hupoa, mambo yakageuka: ndiyo kaskazi. Kwa pepo hizo majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalifika pwani hii na kurudi kwao. Nahodha alitazama tanga, lakini aliyelijaza ni jua.

Tena wapelekeni watoto kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa, jua huyakausha, chumvi hubaki. Muulize mtoto: maji yamekwenda wapi? Mwache afikiri. Yamepanda kuwa mvuke, mvuke huwa wingu, na wingu hutuletea masika. Kwa kuwa chumvi imebaki chini, mvua yatufikia ni maji matamu, ingawa yalitoka baharini. Jua likaushalo samaki ufukoni ndilo lijazalo kisima.

Na yule aulizaye jua huenda wapi? Jioni, washa taa, mpe chungwa, achomeke njiti mahali pa Bagamoyo, kisha alizungushe polepole. Ataona mwenyewe kwamba taa haiendi popote. Bagamoyo ndiyo iliyoipa kisogo.

Mtoto yule wa mwaka 2016 sasa ni mtu mzima, naye asoma bila shida. Mimi sijasahau. Elimu ni njema, lakini anayempa mtoto elimu ya moto na ampe kwanza onyo la moto. Kesho simamisheni kijiti.