Usichague Oili kwa Uzito Wake

Ndugu msomaji, jirani yangu mmoja alijinyima miaka mitatu hata akajaliwa kununua Subaru Forester ya turbo, iliyokwisha kutumika Japani. Siku ya kwanza ya kubadili oili, fundi alimshauri atie ile nzito, 20W-50, kwa hoja mbili: kwamba nchi yetu ni ya joto, na kwamba gari lenye nguvu hutaka oili yenye nguvu. Jirani akaridhika. Boneti hakuifunua tena mpaka siku taa nyekundu ya oili ilipowaka njiani, naye amewapakia mkewe na watoto. Alipoegesha, injini ilikuwa imekwisha kunoki. Kijiti cha kupimia oili kilipochomolewa, kilitoka kikavu. Fedha za kuishusha injini hiyo zilitoka katika akiba ya ada za shule.

Sikusudii kumlaumu fundi peke yake. Makosa yalikuwa mawili: oili ilichaguliwa kwa kukisia, na baada ya hapo hakuna aliyeiangalia. Leo tuyatazame yote mawili, maana magari ya namna hii yamejaa mitaani mwetu.

Kwanza, tujifunze kuzisoma namba. Vipimo hivi viliwekwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoundwa Marekani mwaka 1905. Katika 5W-40, herufi W husimamia majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake huonyesha wepesi wa oili kutiririka ikiwa baridi. Namba ya pili huonyesha uzito wake ikifikia nyuzi 100 za Selsiasi, joto linalokaribia lile la injini iliyo kazini.

Hapa ndipo wengi hupotea. Husema: "Dar es Salaam haina theluji, namba ya kwanza yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Hata asubuhi yenye joto la nyuzi 28, injini iliyolala usiku kucha bado ni baridi mno ikilinganishwa na nyuzi 100. Oili ni kama uji: ukiwa wa moto hutiririka, ukipoa hujikokota. Kwa kawaida 5W-40 ikiwa na nyuzi 40 huwa nzito mara tano au sita kuliko ikiwa na nyuzi 100, na 20W-50 katika nyuzi hizohizo 40 hukaribia maradufu ya hiyo. Maana yake ni kwamba kila unapowasha gari asubuhi, oili nzito huchelewa kufika inakohitajiwa.

Na katika gari la turbo, inahitajiwa upesi. Turbo ina magurudumu mawili ya mapanga kwenye shafti moja: moshi wa ekzosi huzungusha la kwanza, na la pili huisukumia injini hewa. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili hiyohiyo ndiyo inayoondoa joto. Ikichelewa, beringi husagika. Ikiwa hafifu, huungua na kuacha masizi. Baadhi ya injini za Subaru za miaka ya 2000 zina kichungi kidogo cha wavu katika njia ya oili iendayo kwenye turbo. Masizi yakikiziba, turbo hufa kwa kiu ilhali oili imo ndani ya injini.

Je, basi tutie oili nyepesi kuliko zote? La hasha. Ile ya 0W-20, iliyotengenezwa ili kupunguza ulaji wa petroli, haifai injini ambayo haikuundwa kwa ajili yake, kwani utando wake huweza kukatika injini inapofanya kazi nzito. Wala usivutwe na sifa za mashindano. Ni kweli kwamba Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000 walishinda Safari Rally nchini Kenya kwa Subaru Impreza. Lakini gari la mashindano huwa na kundi la mafundi wanaolingoja. Lako hungoja foleni ya kwenda kazini.

Mwamuzi ni kitabu cha gari. Hata kikiwa cha Kijapani, namba kama 5W-30 zinasomeka, na mara nyingine huandikwa kwenye kifuniko cha kutilia oili. Kisha tazama daraja la API kwenye kopo: S ni ya injini za petroli, na C ni ya dizeli. Herufi inayofuata S huonyesha uchanga wa daraja: SN ilitoka mwaka 2010, SP mwaka 2020, na SQ mwaka 2025. Kwa turbo, chagua ya sintetiki, kwani hustahimili joto zaidi. Nunua katika duka linaloaminika, hakikisha lakiri ya kopo haijaguswa, na ukimaliza litoboe kopo hilo, lisije likajazwa oili chafu na kuuziwa mwenzako.

Baada ya kuchagua, kazi haijaisha. Injini za turbo hupunguza oili hata zikiwa nzima. Katika magari mengi, nafasi iliyopo kati ya alama mbili za kijiti ni yapata lita 1. Injini inayobeba lita 4 na ushei ikifika alama ya chini, imekwisha kupoteza karibu robo ya oili yake. Usiingoje taa nyekundu: hiyo huwaka presha ya oili ikishaanguka, wakati madhara yamekwisha kuanza. Badili oili na filta kila kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia, ama mapema zaidi kitabu kikisema hivyo. Na ukitoka mwendo wa kasi, iache injini iungurume taratibu dakika moja kabla ya kuizima, ili turbo ipoe.

Leo ni Jumapili. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika kumi, kisha mwite mwanao mpime pamoja. Kitambaa kikuukuu chatosha. Jirani yangu sasa hufanya hivyo kila juma, lakini elimu hiyo aliinunua ghali. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Na kukisia, ndugu msomaji, huvunja injini.