Wastani ni Hesabu, si Hukumu

Wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu, nasema wazi: kumwambia "soma kwa bidii" mwanafunzi aliyewekwa chini ya uangalizi hakumsaidii. Bidii bila hesabu ni kutwanga maji kwenye kinu.

Katika vyuo vikuu vingi hapa Uganda, wastani hupimwa hadi 5.0, na anayeshuka chini ya 2.0 huwekwa chini ya uangalizi. Tumchukue mwenye wastani wa 1.8 baada ya krediti 30. Muhula ujao ana krediti 15. Ili afikie 2.0, anahitaji kupata 2.4 tu katika muhula huo. Lakini akibaki na 1.8 hiyo hiyo mpaka krediti 75, muhula unaofuata atahitaji 3.0. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nani ametufundisha hesabu hii? Wengine hupokea barua, wakakata tamaa, wakarudi nyumbani, kumbe pengo lilikuwa dogo. Somo la krediti 4 huvuta wastani mara mbili ya somo la krediti 2, lakini sisi masomo yote tunayapa muda sawa.

Wahadhiri, turudishieni kazi za muhula kabla ya mtihani, si baada yake. Nasi wanafunzi tuache kuona haya kuuliza tumesimama wapi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alama zenyewe haziwezi kufichika. Bora tuzihesabu sisi kwanza.